Betri za Bibi

Kamera niliinunua Buguruni, kwa kijana anayepanga vitu vya mtumba juu ya turubai: pasi, spika za kompyuta, blenda zisizo na vifuniko. Ilikuwa imelala katikati ya rimoti. Canonet QL17, toleo la GIII ambalo Canon ilianza kulitoa mwaka 1972, lenzi ya milimita 40, kitundu kinachofunguka hadi 1.7. Kijana alisema laki moja na ishirini. Nikamwambia sijui kama inafanya kazi. "Hata mimi sijui, dada'angu," akasema, "ndiyo maana sijasema laki tatu." Tulimalizana kwa elfu sabini, akaifunga kwenye gazeti kama samaki.

Kabla ya kulipa nilifanya yale ambayo mtu anayenunua kamera ya umri huo lazima afanye. Nilifungua mgongo, nikamulika lenzi kwa tochi ya simu kutafuta kuvu, maana joto na unyevu wa Dar huotesha kuvu hata juu ya kioo. Nilivuta wenzo wa kusogeza mkanda, nikabonyeza, nikasikiliza shata inavyokata kwenye robo sekunde na kwenye moja ya mia tano. Sponji za kuzuia mwanga zilikuwa zimeyeyuka kama lami, lakini hizo hubadilishwa. Kitu pekee ambacho sikukifungua ni kifuniko kidogo kinachofunguliwa kwa sarafu. Nilikifungua usiku, nyumbani Segerea. Kulikuwa na kutu ya kijani, na chini ya kutu betri moja ya duara, maandishi yake yakisomeka nusu: PX625.

(Ndiyo, Segerea. Kila nikisema naishi huko mtu anauliza nimefungwa kwa kosa gani. Gereza lipo, seminari kuu ipo, na sisi wengine tupo, tunasubiri daladala.)

Sababu ya kuitaka kamera ya mkanda ilikuwa kitabu. Muhula uliopita, kwenye semina ya nadharia kule Mlimani, nilipangiwa kuwasilisha kitabu cha mwisho cha Roland Barthes, *La Chambre claire*, ambacho wengi wetu tunakifahamu kwa jina lake la Kiingereza, *Camera Lucida*. Kilitoka mwaka 1980, mwaka uleule ambao Barthes alifariki. Mama yake alikuwa amefariki Oktoba 1977. Kitabu kina sura fupifupi 48, na ukikiangalia kwa juu ni nadharia ya picha, lakini ndani yake kuna mtu mzima anayekaa chini ya taa usiku, anapekua picha za marehemu mama yake, anatafuta iliyo yeye kweli. Anaipata moja. Mama ana miaka mitano, amesimama na kaka yake kwenye chumba cha vioo cha kuoteshea mimea, mwaka 1898. Barthes anaieleza picha hiyo kuliko nyingine yoyote kitabuni, na hatuonyeshi.

Nilikisoma ndani ya daladala, kutoka Mawasiliano hadi Segerea, kwa siku nne. Siku ya tatu nililia, na abiria wa pembeni akanipa tishu bila kuuliza. Nalisema hili mapema ili msomaji asidhani nakuja kukivunja kitabu. Nakipenda. Ila nina ugomvi nacho, na ugomvi huo ulianzia kwenye betri.

Mimi naishi na bibi yangu, mzaa mama. Ana miaka sabini na kitu. Mwaka wenyewe wa kuzaliwa unategemea unamuuliza yeye au kitambulisho chake. Nilipomaliza kitabu cha Barthes nilifungua simu yangu kuhesabu picha za Bibi nilizonazo. Zilikuwa nyingi mno kuhesabika na hakuna hata moja niliyoipiga kwa kukusudia. Bibi kwenye arusi, amekatwa nusu. Bibi nyuma ya keki. Nikajiambia nitafute kamera yenye picha 36 tu, ili kila moja iwe na gharama. Ni wazo la kitoto kidogo, wanafunzi wenzangu wengi wanalo siku hizi, na mtandaoni kuna biashara nzima iliyojengwa juu yake. Lakini ndilo lililonipeleka Buguruni.

Sasa betri. PX625 ilikuwa betri ya zebaki. Aina hiyo iliundwa na Samuel Ruben wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kwa ajili ya vifaa vya jeshi, na sifa yake kubwa ni kwamba haidanganyi: inatoa volti 1.35, na inaendelea kutoa 1.35 karibu mpaka siku ya kufa kwake, halafu inazima ghafla. Watengenezaji wa kamera wa miaka ya sitini na sabini waliipenda kwa sababu hiyo. Ndani ya Canonet kuna kijicho kidogo juu ya lenzi ambacho upinzani wake wa umeme hupungua mwanga unapozidi. Umeme ukipita mwingi, mshale unasogea, na kamera inachagua kitundu kidogo. Mfumo wote unategemea volti isiyoyumba. Hesabu za mwanga zilifanywa kwa 1.35, zikafungiwa humo.

Betri hizo hazipo tena. Sheria ya Marekani ya mwaka 1996 ilizipiga marufuku, na Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 ukaweka mwaka 2020 kuwa ukomo wa karibu betri zote zenye zebaki. Sina cha kulalamika hapo. Minamata ni ghuba ya Japani ambako kiwanda kilimwaga zebaki baharini na watu wakala samaki, na ugonjwa wao ukaja kupewa jina la mji. Zebaki hiyohiyo ndiyo wachimbaji wadogo wetu wa Geita wanaikanda kwa mikono kukamatia dhahabu. Kama gharama ya kuondoa sumu ni kamera yangu kukosa chakula, basi ikose. Lakini bado nilitaka kuilisha.

Nilisafisha kutu kwa siki na pamba ya masikio, kisha nikaenda Kariakoo kwa mzee mmoja fundi saa. Aliitazama ile maiti ya betri, akavuta kadi ya betri za LR44, zile za vikokotoo na midoli ambazo kwenye kadi nyingine huandikwa AG13. Nyembamba kuliko nafasi yake, kwa hiyo akakata pete kwenye mpira wa ndani wa baiskeli, akaizungushia, akaweka kipande cha foili chini. Mshale ukaruka. "Hii ni moja na nusu, ile yako moja nukta tatu tano," akasema. "Tofauti hiyo ndogo haiwezi kuua mtu." Nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini.

Mkanda wenyewe, wa rangi, wa kasi 200, uliletwa na rafiki yangu anayesoma Nairobi, na ndiye aliyeurudisha huko kusafishwa. Wiki tatu baadaye picha zikaingia kwenye simu. Za nje zilikuwa nzuri kiasi cha kunipa kiburi: bodaboda wamelala kivulini, watoto wa jirani juu ya tanki. Kisha zikaja kumi na nne za Bibi, amekaa barazani mbele ya ukuta tuliopaka chokaa mwezi wa Ramadhani, mlango wa chuma uko wazi pembeni, kanga mbili safi. Jina la kanga linasomeka, herufi kwa herufi. Uso hausomeki. Kuna kivuli chenye umbo la kichwa cha bibi yangu, na ndani ya kivuli doa moja la mwanga, ambalo ni miwani.

Nilimwonyesha. Aliitazama simu kwa muda, akaisogeza mbali na macho, akairudisha.

"Pazia limetoka vizuri," akasema.

Ningependa kuwalaumu Kodak. Ni lawama yenye msingi: kwa miongo mingi maabara za picha zilipima rangi zao kwa kadi zenye sura ya mwanamke mweupe, maarufu kama kadi za Shirley, na ngozi zetu zilibaki zijitetee zenyewe. Lakini mkanda wa leo si ule, na mkanda huohuo uliwapatia vizuri watoto wa tanki. Makosa yalikuwa mawili na yote yalikuwa yangu. La kwanza, volti 1.5 iliisukuma mita iamini kuna mwanga mwingi kuliko uliokuwepo, ikabana kitundu. La pili, ukuta mweupe na mlango wenye jua vilijaza jicho la kamera, na mita hupima jumla ya inachokiona, haijui nani ni bibi na nani ni ukuta. Ikabana tena. Mkanda wa rangi husamehe mwanga ukizidi, ukipungua hausamehi. Uso wa Bibi ulikuwa ndicho kitu cheusi kuliko vyote kwenye fremu, kwa hiyo ndicho kilicholipa.

Nilizipeleka picha hizo semina, kwa uzembe, kama mfano. Mwenzangu mmoja akazipenda. Alisema uso usioonekana ni ukataaji, ni Bibi anayelinda siri yake dhidi ya jicho linalotaka kummiliki, na akamtaja Édouard Glissant, mwandishi wa Martinique aliyedai haki ya watu kutoeleweka mpaka ndani. Ilikuwa hoja nzuri na ilipokewa vizuri. Mimi nilikaa kimya nikifikiria mpira wa baiskeli. Haki ya kujificha ni ya Bibi, si ya betri. Bibi hakukataa chochote siku ile. Alikuwa amejipaka mafuta, amebadilisha miwani, amekaa wima dakika ishirini akisubiri aonekane. Nadharia iliyokuja baadaye kulipamba kosa langu ilimchukulia kwa mara ya pili kile ambacho kamera ilikuwa imeshamchukulia.

Hapo ndipo nilipomrudia Barthes kwa macho mengine. Mwanzoni kabisa mwa kitabu anagawa picha kwa watu watatu: anayepiga, anayetazama, na anayepigwa. Kisha anasema, kwa unyofu wake wa kawaida, kwamba yeye si mpiga picha, kwa hiyo kuhusu wa kwanza hana la kusema. Anamweka kando na kuendelea na wawili waliobaki kwa kitabu kizima. Nilipoisoma mara ya kwanza nililiona hilo ni unyenyekevu. Sasa naona ni mlango uliofungwa mapema mno. Dhana yake mashuhuri, *punctum*, ile ncha ndogo kwenye picha inayomchoma mtazamaji bila ya mpigaji kukusudia, inawezekana tu pale ambapo mtu mwingine ameshafanya kazi ya kufanya vitu vionekane. Huwezi kuchomwa na mkufu ambao umemezwa na giza.

Nataja mkufu kwa makusudi. Kitabuni kuna picha ya familia ya watu Weusi wa Marekani iliyopigwa mwaka 1926 na James Van der Zee, mpiga picha wa studio wa Harlem. Barthes anaitazama, na jambo la kwanza analoliona ni jitihada: watu waliovaa nguo za Jumapili, wanaojaribu kufikia hadhi ya Mzungu, jitihada anayoiona ya kugusa moyo kwa sababu ya ujinga wake. Halafu anachomwa, kwanza na viatu vya mmoja wa wanawake, na kurasa kadhaa baadaye anabadili mawazo: kilichomchoma ni mkufu wake, mkufu wa dhahabu uliosukwa, kama ule wa shangazi yake aliyekufa bila kuolewa. Tatizo ni kwamba kwenye picha hakuna mkufu wa dhahabu uliosukwa. Kuna lulu. Wahakiki wamelisema hilo tangu zamani, na wengine wanalitetea: kumbukumbu hufanya hivyo, hubadilisha lulu kuwa dhahabu, na huo ndio uzuri wa kitabu.

Mimi naweza kuikubali hiyo ya dhahabu. Ninachoshindwa kukubali ni kwamba Van der Zee hayumo. Alikuwa fundi wa mwanga. Alipanga viti na mikono ya watu, alichora juu ya hasi kwa mkono kulainisha nyuso, na wakati mwingine aliwaongezea wateja wake vito ambavyo hawakuja navyo. Alijua jinsi ya kufanya nyuso za aina tatu za weusi zionekane pamoja kwenye fremu moja, jambo ambalo mita ya kamera yangu haikuweza kulifanya kwa uso mmoja. Kile Barthes anachokiita jitihada ya familia ilikuwa pia kazi ya mtu aliyelipwa kuifanya vizuri, na iliyofanikiwa: miaka zaidi ya hamsini baadaye Mfaransa mwenye msiba ameweza kuona mkufu shingoni mwa mwanamke asiyemjua. Alipewa picha nzuri, akachukua maumivu yake humo, na aliyempa akamwacha nje na neno la huruma kwa wateja wake.

Huku kwetu tungeweza kumsaidia. Pwani yetu imejaa hao anaowaweka kando. Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 na kurithiwa na mwanawe, imepiga harusi, pasipoti, masultani na wanamapinduzi, kwa mikono ileile. Lamu kulikuwa na Omar Said Bakor, ambaye alikata vichwa vya wateja wake kwenye picha na kuviweka ndani ya maua, na hakuna mtu aliyetoka pale akiwa na wasiwasi nani kaitengeneza picha. Nadharia ya picha iliyoandikwa kutokea kwenye ile benchi ya studio, ambako mteja anakaa huku mpigaji anahangaika na taa, isingemsahau mpigaji hata kama ingetaka. Anakuelekeza. Anakukera.

Bibi ana picha moja ya studio. Ya mwaka 1971, Dar, mbele ya pazia lililochorwa ngazi na bustani ambayo haipo popote nchini. Yuko peke yake, mkono juu ya kiti, na uso wake, ambao ni mweusi kama ulivyo leo, umetoka wote: mifupa ya mashavu, kovu dogo juu ya nyusi, mdomo unaozuia jambo. Kwa miaka nimeitazama kama Barthes, nikitafuta kinachonichoma. (Ni kidole gumba. Kimekunjwa ndani ya ngumi.) Safari hii nilimuuliza swali jingine: yule mpiga picha alifanyaje?

Hakuhitaji kufikiri. "Aliniudhi yule mzee," akasema. Taa mbili, moja ilikuwa na joto kama jiko. Alimgeuza kidevu kulia, akaenda kuchungulia, akarudi, akakigeuza kushoto. Alimpa msaidizi wake ubao mweupe aushikilie chini, karibu na magoti, nje ya picha, ili mwanga upande juu usoni. Akamwambia asogee mbele. Bado. Asogee tena. "Nikamwambia, mzee, nimekuja kupiga picha au kucheza ngoma? Akanijibu, binti, ukitaka kuonekana nivumilie." Kile kidole gumba, kumbe, ni hasira.

Nilikwenda kukifungua tena kitabu kwa sababu neno lile, sogea mbele, nilihisi nimeshalisoma. Limo. Barthes anapoieleza picha ya mama yake kwenye chumba cha vioo anasema unaona dhahiri kwamba mpiga picha alimwambia yule mtoto asogee mbele kidogo ili aonekane. Anampa sentensi moja ya kuwaziwa, na humo humo mpigaji anapotea. Lakini angalia alichokifanya ndani ya sentensi hiyo. Amemtoa mtoto kivulini. Bila yeye Barthes asingekuwa na mama wa kumtambua wala kitabu. Nadhani alilijua, kwa namna fulani, ndiyo maana alilisikia sikioni. Hakutaka tu kumlipa.

Kuhusu kutotuonyesha picha ile, nilidhani Bibi angemuunga mkono. Nilimsimulia. Akauliza: "Sasa aliandika kitabu cha nini? Anamficha mama yake asionwe na nani?" Bado natafuta jibu.

Turudi kwenye chakula cha kamera, maana tatizo lilikuwa palepale. Njia zipo. Unaweza kuidanganya mita, ukaiambia mkanda ni wa kasi 100 wakati ni 200, lakini LR44 hushuka volti kadiri inavyotumika, kwa hiyo uongo wa leo hautoshi kesho. Betri za fedha, SR44, hazishuki hivyo, lakini ni 1.55 na zinahitaji fundi wa redio akuwekee daiodi ya kupunguza. Kuna vikombe maalumu vya kigeni vinavyofanya kazi hiyo, na bei yake inazidi bei ya kamera. Unaweza kuitumia bila betri kabisa: shata ya Canonet ni ya springi, betri ni ya kuhukumu mwanga tu, na programu ya simu inaweza kukupimia. Msomaji mwenye haraka aishie hapo. Ni ushauri mzuri. Mimi nilitaka mshale ule useme kweli. Ni ukaidi, siutetei.

Na kuna njia ya nne, betri za zinki na hewa. Zina vitundu vidogo mgongoni vilivyozibwa kwa kibandiko. Ukikibandua, hewa inaingia na betri inaanza kazi, volti 1.4 hivi, tulivu kama zebaki. Ikishaanza haizimwi, uitumie usiitumie, baada ya wiki kadhaa imekwisha. Betri ya aina ya 675 ina upana sawa na LR44, ingeingia kwenye pete ileile ya mpira wa baiskeli. Nilikuwa nasoma hayo usiku, kitandani, nikashuka hadi sentensi iliyosema zinapatikana kwa wauzaji wa vifaa vya kusaidia kusikia. Nikainua kichwa. Kwenye kabati la sebuleni, ndani ya kopo la biskuti, kuna kadi za betri zenye kibandiko cha bluu. Bibi huvaa kifaa nyuma ya sikio la kushoto, anakiita redio yake. Mjomba anazituma kutoka Muscat, kadi mbili kwa wakati, kila kadi betri sita, na betri moja kwa Bibi ni wiki mbili za kusikia kama hasahau kuizima.

Sikuigusa. Nilifanya hesabu tu, mara nyingi. Betri moja ya Bibi ni mkanda mzima wa picha zake. Betri moja ya Bibi ni wiki mbili za habari ya saa mbili, adhana, na mimi nikigonga geti usiku nimechelewa. Kuna mwezi mmoja mwaka jana mzigo wa Muscat ulichelewa, na Bibi alikaa siku tisa akitabasamu kwa kila kitu tulichosema. Sijui tabasamu linalonitisha kama lile. Barthes ananiambia kila picha ni kifo kijacho, na mimi nilikuwa nikipima kama ni halali kumfanya mtu asisikie leo ili aonekane baadaye, atakapokuwa hayupo. Hesabu hiyo haimo kitabuni. Haiwezi kuwamo, kwa sababu ni hesabu ya anayepiga.

Bibi ndiye aliyeimaliza. Alinisikia kwenye simu nikimwomba mjomba aongeze kadi moja, nikijikanyaga kueleza ya nini. Nilipokata, akaniita. "Mke mwenzangu, hiyo kamera yako inakula betri za masikio yangu?" Nikasema ndiyo, Bibi, ila sijachukua. "Inaila ikaisha?" Nikamweleza kwamba haiimalizi, betri yenyewe inapumua, inakwisha kwa wakati wake. Akafikiri. Kisha akavua redio yake, akafungua kimlango kwa ukucha, akadondosha betri kiganjani mwangu. "Basi azima. Ukimaliza unirudishie."

Tulifanya hivyo Jumamosi, saa kumi jioni, jua likiwa limehamia nyuma ya nyumba ya jirani. Ukuta wa chokaa nimeukimbia. Nilimweka kwenye kizingiti cha mlango wa uani, na nikaegemeza sinia la bati karibu na magoti yake, nje ya fremu. Niliweka betri kwenye pete, nikafunga kwa shilingi mia. Mshale ulisimama mahali tofauti kabisa na ulipokuwa ukisimama siku zote, kwenye 2.8. Nikachungulia. Kidevu kilikuwa chini mno na nusu ya uso ilikuwa imebaki ndani ya nyumba.

"Bibi, sogea mbele kidogo," nikasema.

Alinitazama akitabasamu, lile tabasamu.

Nikaiweka kamera juu ya ngazi, nikaenda, nikamshika kidevu kwa vidole viwili na kukigeuza kulia. Nikarudi kuchungulia. Nikaenda tena, nikamshika mabega, nikamvuta hatua moja. Safari ya tatu alianza kununa, na nikaona mkono wake wa kushoto juu ya kiti unajikunja. Nilipiga tano. Halafu nikafungua kifuniko, nikaipuliza betri, nikamrudishia, akaiweka, akafunga kimlango, akasubiri ule mlio mdogo.

"Ulikuwa unasema nini muda wote ule?" akauliza.

Mkanda upo kwenye picha ya ishirini na mbili. Rafiki yangu anakwenda Nairobi mwisho wa mwezi.